Mbigili za Mwezi wa Saba

Tangu Lavonne Hryhor astaafu ualimu na kununua kamera, hakuna kitu kilichozeeka katika wilaya ya Kessock kilichopata amani. Ghala la nafaka likiinama kidogo, Lavonne yupo. Kanisa likipoteza msalaba, Lavonne yupo, amelala kifudifudi kwenye nyasi ili kanisa lionekane refu. Trekta la Nestor Wasylyk lililala shambani wiki mbili likisubiri kipuri kutoka mjini Saskatoon, na kabla kipuri hakijafika Lavonne alikuwa ameshaliweka mtandaoni kwa maneno "Liliachwa, likasahaulika." Nestor alimpigia simu kumwambia kwamba hakulisahau hata dakika moja, tena usingizi hapati kwa ajili yake. Lavonne akamjibu kwa upole kwamba msanii huona zaidi ya kipuri.

Safarini alifuatana na Ardith Mack, jirani yake na shoga yake tangu walipokuwa wakisuka nywele mikia miwili. Kazi ya Ardith ndani ya gari ilikuwa kuona wanyama na kutafuna mbegu za alizeti, na zote mbili alizifanya kwa bidii, maganda akiyatemea ndani ya kikombe cha karatasi alichokishika kati ya magoti. Ardith akiona swala, husema "swala." Lavonne husimamisha gari, hushuka, hufungua begi, huchagua lenzi, hupima mwanga, hubadili mawazo kuhusu lenzi. Swala wa mbuga ile hawana subira na sanaa. Ndiyo maana Lavonne alikuwa na mkusanyiko wa matako ya swala ambao sijui kama kuna jumba la makumbusho lingeweza kuupokea wote.

"Hii utaiitaje?" Ardith alimuuliza siku moja, akichungulia kioo cha kamera.

"Kwaheri ya Mbuga."

"Mbuga ndiyo inaaga, au ni hawa wamekuonyesha makalio?"

"Wewe tafuna mbegu zako."

Na bundi je? Ndege ambaye kwingine watu humfukuza kwa mawe na kumtemea mate, Lavonne aliendesha gari nusu siku kwenye theluji kumtafuta, yule mweupe, na alipomkuta juu ya nguzo ya umeme bundi alimgeuzia mgongo. Picha hiyo nayo ilipata jina. Ilipata na watu mia kadhaa wa kuisifia mtandaoni, wengi wao wakiishi mijini, mahali ambapo mbuga hupendeza sana kwa kuwa haipo.

Kila safari ilianzia langoni kwake, na hapo langoni palikuwa na maua ya mama yake. Yalikuwa ya njano, yenye kidevu cha rangi ya chungwa, na mtoto akiyabana mashavu yalifungua mdomo. Mama yake, Paraska, aliyaita siagi na mayai. Aliyapanda mwaka alioolewa, kwa mbegu alizozibeba ndani ya soksi. Sasa Paraska alikuwa kaburini, nyumba ya zamani ilishabomolewa, ng'ombe walishauzwa, mti wa tufaha ulishakauka. Katika vyote ambavyo mwanamke yule alivigusa kwa mkono wake, maua ndiyo pekee yaliyobaki hai. Lavonne aliyapenda kwa dhati. Alishusha kioo cha gari kila asubuhi akasema, "Hujambo, Mama," nusu utani nusu kweli, kisha akapandisha kioo na kwenda kutafuta uzuri mbali, tangi la mafuta likiwa limejaa.

Jioni moja ya mwezi wa saba walikuwa wakifuata swala kwenye barabara ya udongo nyuma ya ardhi ya Nestor, barabara ambayo mvua ikinyesha hata kunguru huzunguka kuikwepa. Gari lilipanda kilima kidogo, na Lavonne akakanyaga breki hata kikombe cha maganda kikamwagika.

Ng'ambo ya ua wa Nestor, mteremko mzima ulikuwa zambarau. Zambarau toka juu hadi kwenye dimbwi la bata kule chini, jua likiupiga kwa ubavu, na mbele kabisa, juu ya nguzo ya ua, buti kuukuu limepinduliwa kichwa chini, kama watu wa huko wanavyopenda kuvika nguzo zao. Lavonne alishuka na kamera. Alilenga buti, akaacha zambarau nyuma yake iyeyuke iwe ukungu. Akabonyeza. Kamera ikamwambia imejaa.

"Futa matako," alishauri Ardith kutoka garini.

"Siwezi kufuta swala."

"Basi futa kitu, jua linazama."

Lavonne alifuta harakaharaka picha zile za zamani alizokwisha kuzihamishia nyumbani na kuzikata vizuri kwenye kompyuta, akapata nafasi, akapiga mpaka jua likaisha. Alirudi garini akinukia vumbi na furaha.

Ardith alikuwa ameinua miwani. "Shoga. Unajua hayo ni nini?"

"Ni mwanga."

"Ni mbigili. Na unajua ni za nani?"

Lavonne alitazama tena, safari hii kwa macho yake na si kwa lenzi. Ng'ambo ya ua wa Nestor ni ardhi ya mtu mmoja tu. Walitazamana, wakacheka mpaka Ardith akalazimika kufunguliwa mlango apate hewa.

Kwa maana ardhi ile ilikuwa ya Metro Dumanski, na Metro Dumanski ndiye mkaguzi wa magugu wa wilaya.

Ifahamike kwamba Kessock mtu husamehewa mengi. Husamehewa ulevi, husamehewa kuoa mara tatu, husamehewa hata kuhamia Alberta, jimbo la jirani. Mbigili hasamehewi. Jirani akiona mbigili shambani mwako hakwambii kitu. Anapunguza tu mwendo wa gari anapopita, na kupunguza huko ndiko tusi lenyewe. Metro aliwapunguzia watu mwendo kwa miaka na miaka, kisha akawagongea mlango. Aliweza kuona gugu moja kutoka kwenye gari linalokimbia, na akasema jina lake la Kilatini. Mashamba yake mwenyewe yalikuwa safi kama sahani, upande unaoonekana toka barabara kuu. Upande wa nyuma ulielekea barabara ya Nestor, na Nestor na Metro walikuwa hawasemezani tangu walipogombania mfereji wa maji. Metro alikuwa amekula yamini kutokanyaga barabara ile, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeipita isipokuwa Nestor na swala, aliuacha mteremko ule umwonee Mungu haya peke yake. Nestor naye aliyaona maua yale kila siku, akanyamaza. Alikuwa mtu wa kuweka akiba.

Mambo yangeishia kwenye kicheko, lakini mwezi wa nane Metro alisimamisha gari langoni kwa Lavonne. Alipunguza mwendo kwanza, taratibu, kama anayeingia msibani.

"Lavonne."

"Metro."

"Unajua kilichonileta."

"Umekuja kumwamkia mama."

"Haya si mama yako, bibie. Haya ni magugu, yamo kwenye sheria, na wewe msomi unajua kusoma."

"Ulipokuwa ukipita hapa ukitoka shule mama alikupa keki, ukala umesimama katikati yake. Mbona hukuyaita magugu?"

"Mdomo ulikuwa umejaa," alisema Metro. Hakuwa akitania. "Mizizi yake inatambaa, mbegu zinaruka. Zikifika kwa jirani itakuwaje?"

"Jirani ni Ardith."

"Na Ardith ana jirani. Nikikuachia wewe, kesho nitamwambia nini mwenzako? Sheria ni moja."

"Kwa kila mtu?"

"Kwa kila mtu."

Hapo Lavonne alikuwa na jibu kwenye ncha ya ulimi. Alilimeza, si kwa hofu. Alilimeza kama mtu anayeweka nyama nzuri pembeni mwa sahani aile mwisho.

"Nakupa mpaka baada ya karamu ya bata mzinga ya wilaya, mwezi wa kumi," alisema Metro. "Dawa hushika vizuri majira hayo, kabla ya theluji. Ukiwa hujaipiga, nitakuja na pampu yangu mwenyewe. Na kwa heshima ya mama yako nitavua kofia."

Aliondoka akiinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu ya barabara za huko, na hata kidole kile kilikuwa na kiburi.

Lavonne aliingia ndani akichemka. Alimpigia Ardith simu, akamweleza mpango, na kwa haki yake ulikuwa mpango mzuri. Kila mwaka halmashauri huchapa kalenda ya picha za wilaya, nayo huuzwa kwenye karamu. Mwenyekiti wa kamati ya kalenda ni Metro. Lavonne angeipeleka picha ya mteremko, Metro angeipenda, maana hakuna mtu asingeipenda, na ikishakuwa kwa mchapaji Lavonne angemwendea faragha. Angemwambia yale ni maua gani na ni ya nani. Kisha wangeelewana: picha itolewe kimya kimya, na siagi na mayai yaachwe kimya kimya.

"Huko ni kumkaba mtu koo," alisema Ardith.

"Ni kumwonyesha uzuri wa ardhi yake."

Kamati ilikutana mwezi wa tisa katika ukumbi wa halmashauri. Metro alikaa mbele. Yeye alikuwa mkaguzi wa magugu, mwenyekiti wa kalenda na mkata bata mzinga mkuu wa karamu, vyeo vitatu visivyo na mshahara, ndiyo maana vilimvimbisha kichwa hivyo. Picha zilirushwa ukutani moja moja. Ghala. Ghala. Mashine ya kuvunia. Mjukuu wa mtu na malenge. Halafu zambarau ikajaa ukuta mzima, na buti lake, na mwanga wake.

Metro alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii," alisema. "Mwezi wa saba. Hapana, hii iende kwenye jalada."

Mama mmoja wa kamati, mkulima, alikunja uso. "Ni maua gani hayo?"

"Maua ni maua, Bernice. Usituletee kilimo kwenye sanaa." Mtu huyu aliyeweza kuita gugu moja kwa Kilatini toka dirishani aliziona ekari tele na akazipenda, kwa kuwa zilikuwa ukutani. "Umeipigia wapi, Lavonne?"

"Barabara za nyuma tu."

"Inafanana na zile za Ufaransa. Kule wanakotengeneza manukato. Na hilo buti, jamani. Hilo buti linasema kitu."

Lavonne aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao haukuwa na ukweli ndani yake. Hakuna aliyewahi kumtaja pamoja na Ufaransa.

Kwenye maegesho Ardith alimshika mkono. "Yule pale, anafungua gari. Nenda kamwambie sasa hivi."

"Bado."

"Bado nini?"

"Mwanga haujakaa vizuri."

Ardith alitema ganda chini bila kutumia kikombe. Alikuwa amemsikia Lavonne akisema maneno yale kwa swala wengi, na alijua swala walifanya nini.

Lavonne aliahirisha. Wiki ya kwanza alisema picha ifike kwanza kwa mchapaji. Ya pili alisema aione kwanza imechapwa. Halafu Metro alipiga simu kumwarifu kwamba ameamua picha ikuzwe, itundikwe ukumbini juu ya meza ya pai, jina la mpigaji likiandikwa kwa herufi kubwa, na yeye mwenyewe atatoa hotuba. Lavonne alimshukuru. Alipokata simu alijiambia kwamba atamwambia baada ya hotuba, jioni hiyohiyo, wakati watu wakikunja viti. Alitaka tu kuisikia hotuba. Mwanamke aliyesahihisha madaftari ya wengine maisha yake yote, kwa nini asisikie akisifiwa mara moja kwenye kipaza sauti? Aliyatazama maua langoni akayaambia yasijali.

Siku ya karamu ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Kulikuwa na bata mzinga na mchuzi wake mzito, kabichi zilizoviringishwa na wali ndani, pirohi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, zikiogelea kwenye siagi na vitunguu, pai za malenge zisizohesabika. Picha ilitundikwa juu ya pai. Ilikuwa kubwa kuliko mlango, na watu walisimama mbele yake na sahani zao wakisema "a-a-a," kisha wakaenda kula.

Metro alipanda jukwaani bado amevaa aproni ya kukatia nyama.

"Mimi nimekagua kila shamba la wilaya hii," alisema. "Nimewakera, najua. Wengine mnanikimbia mkiniona. Lakini tazameni." Alinyoosha kisu kuelekea picha. "Hii ndiyo Kessock. Ardhi safi, watu safi. Mtu akiniuliza kwa nini nakuwa mkali, nitamwonyesha picha hii ya Lavonne."

Walimpigia makofi. Lavonne alisimama kidogo, akakaa, masikio yakimwaka kwa raha. Alisema moyoni, sasa, akishuka tu jukwaani. Lakini Metro alishuka akazungukwa na watu, naye Lavonne alikuwa na kipande cha pai, akaona akimalize kwanza.

Hapo ndipo Nestor Wasylyk alipoingia, amechelewa, nywele zimejaa makapi ya ngano. Alijaza sahani. Alielekea kwenye pai, akainua macho, akasimama. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Hilo buti ni langu," alisema.

Hakupaza sauti, lakini meza zilizokuwa karibu zilisikia, na zile za mbali zikanyamaza ili zisikie.

"Mabuti kwenye nyua yapo mengi," alisema Metro kwa ukunjufu wa mwenyekiti, neno la kwanza kumwambia Nestor tangu enzi za mfereji.

"La kushoto. Kisigino kililiwa na mbwa. Nililipigilia mwenyewe." Nestor alichukua pirohi moja kwa uma, akaitazama, akaila. "Lipo kwenye ua wangu wa kusini. Kwa hiyo hiyo zambarau iko ng'ambo ya ua wangu wa kusini."

Kessock hata mtoto wa chekechea anajua nani yuko ng'ambo ya ua wa nani. Watu mia mbili waliinamia sahani zao wakikokotoa, na jibu likawafikia wote karibu kwa pamoja. Bernice wa kamati alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa picha. "Mbigili," alisema taratibu, kama anayesoma jina la marehemu. Bibi mmoja aliomba apitishiwe mchuzi.

Kisha sauti ikatoka meza ya wazee wanaokunywa kahawa kila asubuhi pale kituo cha mafuta: "Metro, hayo manukato utayauza kwa chupa au kwa galoni?"

Ukumbi uliangua kicheko. Watu walicheka wakiwa wameshika meza, wakicheka miaka yote ile ya kupunguziwa mwendo. Metro alibaki amesimama na kisu chake, uso umemshuka, mzee aliyevuliwa nguo hadharani akaachwa na aproni. Hakumtazama Nestor. Alimtazama Lavonne.

"Ulijua," alisema.

Lavonne alikuwa na pai mdomoni. Alipofanikiwa kuimeza, Metro alikuwa ameshaondoka.

Njiani kurudi nyumbani Lavonne alicheka peke yake. Alirudia hotuba, akarudia manukato, akaigiza Bernice. Ardith hakucheka naye.

"Umefurahi," alisema Ardith.

"Mpaka nasikia aibu."

"Na maua?"

"Maua yana nini?"

"Shoga, ulikuwa na kitu kimoja tu cha kumshikia yule mtu. Sasa wilaya nzima imekishika. Utamtishia na nini tena?"

Taa za gari ziliyamulika maua langoni walipokuwa wakikata kona, na kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe Lavonne alipita bila kuyasalimu.

Jumatatu Metro aliingia kwenye barabara ya Nestor. Alipita mchana kweupe na trekta na tangi la dawa, akaupiga mteremko wake toka juu hadi dimbwini, na Nestor alitoa kiti cha kukunja akakaa kando ya ua, chini ya buti lake, akitazama kama mtu aliyekata tiketi. Magari yalikuja hadi kule ambako kunguru huzunguka. Yote yalipunguza mwendo. Metro hakumkwepa mtu, hakugeuza kichwa.

Kesho yake alikuja langoni kwa Lavonne, pampu mgongoni. Usiku baridi ilikuwa imeyapiga maua, yakainama na kugeuka kahawia ukingoni, ingawa shina lilikuwa hai bado na mizizi ilikuwa salama. Lavonne alikuwa amesimama mbele yake, koti juu ya nguo ya kulalia, asijue mikono aiweke wapi.

"Metro, nilitaka kukwambia. Naapa. Jioni ileile, baada ya hotuba."

"Baada ya hotuba."

"Nilitaka tuelewane. Wewe uiondoe picha, mimi uniachie haya."

Metro aliitua pampu. Alifikiri, na alipojibu hapakuwa na hasira katika sauti yake, ndiyo maana ilikuwa vigumu kuisikiliza.

"Ungekuja mwezi wa tisa pale kwenye maegesho, ningekubali kabla hujamaliza sentensi. Ningekuachia. Ningeapa sijawahi kupita hapa, ningesema siagi na mayai ni mboga. Mimi si mtu wa msimamo, Lavonne, wewe unanijua toka shule. Nilikuwa nasafisha mbele tu, nyuma naacha." Alijipangusa mdomo. "Sasa siwezi. Umeniharibu. Wananihesabia kila jani. Nikiacha hata shina moja kwa mtu yeyote, watauliza ni manukato gani tena hayo. Hebu sogea."

"Metro. Ni mama huyu."

"Najua."

Alivua kofia kama alivyoahidi, akaibana kwapani. Kisha akapuliza dawa, kwa utaratibu, mstari kwa mstari, akirudia pembeni mahali ambapo mkaguzi mvivu angepita. Hakuwahi kufanya kazi yake vizuri namna ile. Lavonne aliikumbuka kamera iliyokuwa kwenye kiti cha gari, hatua chache tu kutoka pale. Akayatazama maua, yamenyauka kwa baridi na yanang'aa kwa dawa, akaona hayana sura ya picha. Akaiacha.

Theluji ilianguka wiki ile. Kalenda ziliisha zote. Watu walinunua mbili mbili, wakawatumia ndugu zao walioko Alberta. Metro alitembelea kila shamba la wilaya, mbele na nyuma, na hakumwachia mtu, hata waliomcheka, hasa waliomcheka. Kwenye kituo cha mafuta wazee wa kahawa walianza kulalamika kwamba enzi za mkaguzi mnafiki zilikuwa na raha zake, na walipolalamika walimtaja Lavonne.

Ardith alimtembelea siku moja na mfuko wa mbegu za alizeti, akamkuta amekaa mbele ya kompyuta.

"Angalau picha zake unazo," Ardith alimwambia. "Chapa moja kubwa, uitundike sebuleni. Mama yako angefurahi."

"Ndizo ninazotafuta."

Ardith alivuta kiti. Walipita maghala, yaliyonyooka na yaliyoinama. Walipita makanisa. Walipita matako ya swala kwa muda ambao Ardith alimaliza kiganja kizima cha mbegu. Walimpita bundi na mgongo wake. Barabara zilipita, moja baada ya nyingine, zote zikielekea mbali na nyumbani.

"Mbweha," alisema Ardith ghafla. "Yule wa langoni, uliyemweka kwenye gazeti. Alikuwa amesimama katikati ya maua, nilikuwepo. Upande mzima wa kushoto ulikuwa njano."

Lavonne aliitafuta, akaifungua. Mbweha alikuwepo, mzuri, sikio moja limegeuka. Palikuwa na nguzo ya lango na majani mabichi kidogo. Kushoto kwake picha iliishia.

"Mbona hayapo?"

"Nilikata. Ile njano ilikuwa inavuta macho, mtu hamwoni mbweha."

"Haya, fungua ile nzima."

"Hapa nilihifadhi iliyokatwa tu. Ile nzima ilikuwa kwenye kamera," alisema Lavonne. "Niliifuta."

"Uliifuta ya nini?"

Lavonne hakuondoa macho kwa mbweha.

"Kupata nafasi ya mbigili," alisema.